Daftari la Mchuuzi na Akili Mnemba: Funzo kutoka Gihundwe, Mpakani mwa Rwanda na Kongo

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Usemi huo ulikuwapo kabla ya simu na kompyuta, na yamkini wapo leo wanaodhani kwamba umekwisha kazi yake. Hoja yao ni hii: maadam simu inaweka kumbukumbu ya kila fedha inayotumwa, na duka linatoa stakabadhi kwa mashine, na sasa imekuja akili mnemba, ambayo wengine huiita akili unde au akili bandia, inayoweza kupitia hesabu za mwaka mzima kwa dakika chache, basi mchuuzi wa soko hana tena haja ya kuhangaika na kalamu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mambo ni kinyume chake. Kadiri mashine zinavyozidi kutuhesabia, ndivyo daftari la mwenye mali linavyozidi kuwa na thamani, kwa kuwa ndilo shahidi wake siku mashine inapokosea.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Gihundwe ni mojawapo ya sekta 18 za Wilaya ya Rusizi, kusini-magharibi ya Rwanda, katika sehemu iliyokuwa Mkoa wa Cyangugu kabla ya mageuzi ya utawala ya mwaka 2006. Iko jirani na mji wa biashara wa Kamembe, karibu na Ziwa Kivu, na ng'ambo ya Mto Rusizi uko mji mkubwa wa Bukavu katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Watu wa pande hizo mbili walikuwa wakielewana sokoni kwa Kiswahili muda mrefu kabla ya Bunge la Rwanda kukikubali kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Nyanya, vitunguu, mboga, unga na mayai huelekea Bukavu. Vitenge na mafuta ya mawese hurudi upande huu. Wengi wa wanaoshika biashara hii ndogo ni akina mama, na mtaji wao aghalabu hutoshea ndani ya fundo la kitenge.

FEDHA TATU, MFUKO MMOJA

Ugumu wa kwanza wa mchuuzi wa mpakani ni kwamba anafanya kazi kwa fedha tatu. Hununua kwa faranga za Rwanda, huuza kwa faranga za Kongo au kwa dola za Marekani, kisha hurudi nyumbani kulipa ada ya shule na chumvi kwa faranga za Rwanda. Kila mahali fedha inapobadilishwa, sehemu ya faida inaweza kubaki mkononi mwa mbadilishaji.

Tuchukue mfano wa kubuni ili jambo lieleweke. Mama mmoja anatoka nyumbani na faranga 66,000. Ananunua nyanya kwa 60,000, anawalipa wachukuzi na nauli 4,000, anakula kwa 1,500, na ada ya kutuma fedha kwa simu ni 500. Nyanya zote zinauzika kwa dola 50. Asubuhi ile dola moja ilikuwa faranga 1,400, kwa hiyo kichwani mwake anasema, "Nimepata 70,000, nilinunua kwa 60,000, faida yangu ni 10,000." Kwa furaha hiyo ananunua sukari na sabuni za 5,000, akiamini kwamba amekula nusu tu ya faida.

Walakini, alizibadilisha dola zake siku 3 baadaye, nazo zilikuwa zimeshuka hadi 1,340. Alipata 67,000. Gharama zake zote, zikiwamo za njiani, ni 66,000. Faida yake halisi ni faranga 1,000, wala si 10,000. Baada ya sukari na sabuni amebakiwa na 62,000, maana yake mtaji wake umepungua kwa 4,000. Kwa safari 10 za namna hiyo, faranga 40,000 zitakuwa zimetoka, na mama huyo ataapa kwamba ameibiwa au amerogwa. Hakuna aliyemwibia. Ameula mtaji wake mwenyewe pasipo kujua, kwa sababu hesabu ilikaa kichwani, na kichwa cha mtu aliyechoka hukumbuka mapato kuliko matumizi.

MSUKOSUKO ULIOWAFUNDISHA WENGI

Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, Rwanda ilifunga mipaka yake kwa wasafiri, isipokuwa bidhaa na raia waliokuwa wakirejea nyumbani. Mwezi Juni mwaka huohuo wilaya ya Rusizi ikawekewa tena amri ya watu kubaki majumbani. Wachuuzi waliozoea kuvuka kwa miguu, kila mtu na beseni lake, hawakuweza tena. Njia iliyobaki ilikuwa kuunganisha bidhaa zao na kuzipeleka kwa gari moja.

Hapo uwekaji wa hesabu uliacha kuwa somo la darasani. Bidhaa za watu 20 zikiwa ndani ya lori moja, lazima ijulikane ni nani ameleta magunia mangapi, ya bei gani, nani alipokea upande wa pili, na mazao yaliyooza yanahesabiwa kuwa hasara ya nani. Kundi lenye mwandishi mwaminifu na daftari lililo wazi lina njia ya kusuluhisha mambo hayo. Kundi linalotegemea kumbukumbu za vichwa huishia katika ugomvi. Hali kadhalika, vita vilipofika Bukavu Februari 2025 na mabenki ya mji huo kufungwa, mtu aliyekuwa na wadeni upande wa pili alihitaji kwanza kujua kwa hakika ni akina nani na wanadaiwa kiasi gani. Deni lisiloandikwa hupotea upesi wakati wa misukosuko.

MASHINE ZILIVYOINGIA SOKONI

Wakati hayo yakitokea, mashine zilikuwa zimekwisha kuingia katika biashara hatua kwa hatua. Mwaka 2010 kampuni ya MTN ilianzisha nchini Rwanda huduma ya kutuma fedha kwa simu. Mwaka 2013 Mamlaka ya Mapato ya Rwanda ilianza kuwataka wafanyabiashara walioandikishwa kwa kodi ya ongezeko la thamani watumie mashine za kutoa stakabadhi za kielektroni. Baadaye ikaja programu inayofanya kazi katika kompyuta na simu. Kila stakabadhi inapotoka, habari zake hufika kwa Mamlaka. Mwaka 2024 ukaanza mpango wa kumrudishia mnunuzi wa mwisho asilimia 10 ya kodi hiyo akidai stakabadhi. Kwa kuwa kodi yenyewe ni asilimia 18, mama aliyenunua bidhaa za 100,000 na kulipa jumla ya 118,000 anastahili kupata faranga 1,800. Si fedha nyingi, lakini ni sababu njema ya kuuliza, "Stakabadhi yangu iko wapi?"

Mikopo nayo ilihamia katika simu. Nchini Kenya huduma ya M-Shwari ilianza mwaka 2012, na Rwanda ikapata MoKash mwaka 2017. Mkopeshaji wa zamani aliwauliza majirani kama mtu fulani ni mwaminifu; mkopo wa simu huitazama simu yenyewe: unaweka akiba kiasi gani, unatuma na kupokea mara ngapi, ulirudisha lini deni la mwisho.

Hapa ndipo akili mnemba inapoingia. Yafaa ieleweke kwamba hakuna uchawi ndani yake. Ni mtambo uliolishwa kumbukumbu za watu wengi mno, ukatafuta jinsi wale waliolipa wanavyofanana na jinsi wale walioshindwa wanavyofanana. Ukija wewe, mtambo unakulinganisha na hao waliotangulia, kisha unakisia. Ofisi za kodi katika nchi nyingi hutumia njia hiyohiyo kuchagua ni hesabu za nani zikaguliwe. Rwanda imeipa teknolojia hii uzito: Aprili 2023 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Sera ya Taifa ya Akili Mnemba, na Aprili 2025 Kigali ikawa mwenyeji wa mkutano mkuu wa kimataifa kuhusu akili mnemba barani Afrika.

KISICHOONEKANA KWA MASHINE

Faida ya mambo haya kwa uchumi ni dhahiri. Mtu asiye na shamba wala nyumba ya kuweka rehani anaweza kupata mkopo mdogo. Serikali hukusanya kodi kwa haki zaidi, na mwenye duka anayelipa hapunjwi na jirani yake anayekwepa. Lakini mashine huona kile tu kilichopita mbele yake. Biashara ya mpakani bado hulipwa kwa noti mkononi, na madeni yake mengi ni ya mdomo. Mchuuzi anayezungusha faranga 300,000 kwa mwezi anaweza kuonekana katika simu yake kama mtu wa faranga 30,000. Kinyume chake, ikiwa ndugu 10 wamepitisha michango ya msiba katika simu yake, mtambo unaweza kudhani kwamba biashara yake imechanua ghafla.

Asiye na daftari hana jibu katika hali zote mbili. Mwenye daftari anaweza kwenda kwa afisa wa mikopo na kumwonyesha miezi 12 ya manunuzi, mauzo na madeni. Tangu mwaka 2009 vyama vya kuweka na kukopa vimeanzishwa katika sekta zote 416 za Rwanda. Gihundwe ni mojawapo. Huko bado unaweza kumkuta mtu mezani, naye anaweza kusoma daftari.

Katika kodi pia jambo hili lina uzito. Sheria ya kodi ya mapato ya mwaka 2022 iliwawekea wenye mauzo ya kati ya faranga milioni 12 na milioni 20 kwa mwaka kodi ya asilimia 3 ya mauzo yote. Mwenye mauzo ya milioni 15 atalipa 450,000, awe amepata faida au hasara. Hata hivyo, sheria inamruhusu kuchagua kutozwa kwa faida yake halisi, akiwa ameweka vitabu vya hesabu sawasawa. Kwa mwenye faida nyembamba, daftari lenyewe linaweza kuwa punguzo la kodi.

MASHINE ILIPOWASHTAKI WASIO NA HATIA

Wapo watakaosema kwamba kompyuta haiwezi kukosea hesabu, kwa hiyo hofu hii haina msingi. Nchi tajiri zilizotutangulia katika mitambo hii zinatupa jibu la kusikitisha.

Nchini Uingereza, Shirika la Posta liliweka katika vituo vyake mtambo wa hesabu ulioitwa Horizon kuanzia mwaka 1999. Haukuwa akili mnemba. Ulikuwa mtambo wa kujumlisha na kutoa tu. Ulipoonyesha kwamba fedha zimepungua, waendeshaji wa vituo waliambiwa walipe pengo hilo au washtakiwe. Hadi mwaka 2015, watu zaidi ya 900 walikuwa wametiwa hatiani kwa ushahidi uliotokana na mtambo huo. Wapo waliofungwa, waliofilisika, na waliojiua. Desemba 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba mtambo huo ulikuwa na kasoro zilizoweza kusababisha upungufu usiokuwapo, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kufuta hukumu hizo. Wakati wote huo mwendeshaji hakuwa na njia ya kuona ndani ya mtambo kosa lilianzia wapi. Hesabu zilikuwa za mwenye mtambo peke yake, na mahakama zilianza kwa kudhania kwamba kompyuta inasema kweli.

Huko Uholanzi, ofisi ya kodi ilitumia mtambo wa kujifunza wenyewe kuchagua ni wazazi gani wachunguzwe kuhusu posho ya malezi ya watoto. Kuwa na uraia wa nchi nyingine kulihesabiwa miongoni mwa dalili za hatari. Maelfu ya familia ziliamriwa kurudisha fedha nyingi kwa makosa madogo ya karatasi, au bila kosa lolote. Aibu hiyo iliifanya serikali nzima ijiuzulu Januari 2021.

Ikiwa karani wa posta wa Uingereza, mwenye umeme, shule na mwanasheria, aliangamizwa na hesabu ya mashine, mchuuzi wa Gihundwe ambaye hana hata karatasi moja atajitetea kwa nini?

SHERIA INASEMAJE

Habari njema ni kwamba sheria zimeanza kuliona jambo hili. Sheria ya Rwanda ya Oktoba 2021 juu ya ulinzi wa habari binafsi inagusa haki ya mtu kutofungwa na uamuzi uliofanywa na mashine peke yake. Sheria ya Kenya ya mwaka 2019 na ile ya Tanzania ya mwaka 2022 zina vifungu vya namna hiyo. Haki hizo zina masharti yake, lakini maana yake kwa mwananchi ni nyepesi: ukinyimwa mkopo au ukidaiwa jambo kwa sababu ya mtambo, una msingi wa kuuliza sababu na kuomba binadamu aitazame habari yako. Ila binadamu huyo akikubali kutazama, atakuuliza, "Ushahidi wako uko wapi?" Sheria inakufungulia mlango, kilicho mkononi mwako wakati wa kuingia ni juu yako.

DAFTARI LA KUFAA NYUMBANI

Uwekaji wa hesabu hauhitaji chuo. Mwaka 1494 Luca Pacioli, mtawa wa Italia, alichapisha kitabu kilichoeleza namna ya wafanyabiashara wa Venice ya kuandika kila jambo mara mbili: mahali kilipotoka na mahali kilipokwenda. Biashara ndogo yaweza kuanza na kanuni hiyohiyo katika daftari la kawaida la shule.

Kwanza, chora safu tano: tarehe, jambo lenyewe, kilichoingia, kilichotoka, na kilichobaki. Andika siku ileile, si mwisho wa juma. Ukibadilisha fedha, andika bei uliyopewa. Ndiyo iliyomdanganya mama wa mfano wetu.

Pili, tenga fedha ya nyumba na fedha ya biashara. Jipangie posho ya juma na uiandike kama malipo ya mfanyakazi. Sukari ikinunuliwa kwa fedha ya biashara, iandikwe kuwa imetoka. Mume na mke wakae pamoja katika kupanga posho hiyo, kwani biashara nyingi huuawa na mahitaji ya nyumba yasiyosemwa.

Tatu, weka kurasa za mwisho kwa madeni: jina, kiasi, siku ya kukopa na siku ya kulipa. Akiba unayochangia katika ikimina, au likelemba kama wanavyoiita ng'ambo, nayo iwe na ukurasa wake.

Nne, kila Jumapili jioni linganisha daftari na ujumbe wa fedha ulio katika simu. Tofauti ikionekana, itafute kabla ya kulala. Asiyejua kuandika na amwite mwanawe aliye shuleni. Mtoto atajifunza hesabu yenye maana, na mama atakuwa na karani asiye na mshahara.

Tano, tunza stakabadhi katika bahasha ya kila mwezi, na upige picha kurasa za daftari, ili mvua au moto usimalize kila kitu.

KUITUMIA MASHINE BILA KUTAWALIWA NAYO

Mtu aliyekwisha kufanya hayo hana sababu ya kuiogopa akili mnemba. Anaweza kuifanya mtumishi. Zipo programu zinazosoma picha ya stakabadhi na kupanga matumizi kwa aina zake, na zipo zinazoweza kuulizwa ni mwezi gani mauzo yalishuka. Hata lugha si kizuizi kama zamani: tangu mwaka 2019 kampuni ya Digital Umuganda ya Kigali imeshiriki katika kukusanya sauti za Kinyarwanda ili mashine zijifunze kuisikia lugha hiyo, na zaidi ya saa 2,000 zimekusanywa. Yawezekana kabisa kwamba mchuuzi asiyesoma atakuja kuisemea simu yake, nayo ikamwandikia.

Lakini tahadhari inatakiwa. Mitambo inayojibu maswali kwa ufasaha inaweza kukosea kujumlisha, tena kwa maneno ya uhakika kabisa; kwa hiyo jumla na ihakikishwe kwa mkono. Namba ya siri na majina ya wadeni yasiingizwe humo. Na kijana anayesomea uhasibu asikate tamaa. Kujumlisha kutafanywa na mashine, lakini kuuliza kwa nini nyanya za tarehe 12 hazikuandikwa, na kumweleza mwenye mali hali yake kwa ukweli, bado ni kazi ya mtu mwenye elimu na uaminifu.

Uchumi wa taifa hujengwa na mitaji midogo isiyokatika. Mtaji wa faranga 66,000 ukilindwa mwaka mzima hulipa ada, hununua bati, huajiri mchukuzi. Ukiliwa bila habari, familia nzima hurudi mikono mitupu. Daftari la kurasa 96 na kalamu moja havizidi uwezo wa mwenye mtaji huo. Na vinunuliwe juma hili, na ukurasa wa kwanza uandikwe tarehe.